Mama mzazi, mtoto wa kigari na mwenye pumu: matembezi ya mfereji Saltaire mpaka Bingley mwezi Desemba, naombeni ushauri

BintiTongoni
Wakuu na dada zangu mlioko Yorkshire, Uingereza, poleni na baridi. Naombeni ushauri kabla sijakata tiketi.

Tunataka kutoka kifamilia Jumamosi moja ya mwishoni mwa Desemba, tutembee kando ya mfereji wa Leeds na Liverpool, kipande cha Saltaire mpaka zile loki tano za Bingley (loki ni chumba cha maji chenye milango, cha kupandishia na kushushia boti). Tutakuwa watano: mimi na mume wangu, mtoto wa miaka 8 mwenye pumu ya wastani, wa miaka 3 ambaye bado anakaa kwenye kigari, na mama mzazi. Mama ana miaka 67, ametoka Tanga juzijuzi, na hii ndiyo baridi yake ya kwanza. Anatembea vizuri tambarare na hata akipanda, ila goti la kulia humuuma akishuka. Hatuna gari, tunatoka Leeds kwa treni.

Nataka kujua tuanzie upande gani, tufike saa ngapi, mama na watoto wavae nini hasa (si "vaeni vizuri" tu), tubebe chakula gani, na yale maji yana hatari kiasi gani kwa mtoto anayependa kukimbia. Mama hachezei swala, na siku za kipindi hiki fupi sana, sijui tutapangaje. Tutumie saa za Kiswahili tafadhali, maana mama naye atausoma uzi huu.

Mpita_Aire
Dada, anzieni Saltaire mmalizie Bingley, kwa ajili ya goti la mama. Mfereji unapanda kuelekea Bingley: kuna loki moja Hirst Wood, mbili zilizoungana Dowley Gap, kisha tatu na tano za Bingley. Kati ya loki na loki maji yamelala, na njia nayo imelala vilevile. Mwinuko wote uko kwenye loki zenyewe, vipande vifupi vifupi. Mkitoka Saltaire kila mwinuko mtaupanda. Mkitoka Bingley kila mmoja mtaushuka, na wa loki tano ndio mkali kuliko yote, mita 18 ndani ya umbali usiofika mita 100.

Kituo cha Saltaire kiko karibu sana na mfereji. Mkitoka kituoni shukeni Victoria Road, kiwanda kikubwa cha mawe cha Salts Mill kitakuwa mkono wenu wa kulia. Mkifika mferejini elekeeni kushoto. Kutoka hapo hadi chini ya loki tano ni kama kilomita 5. Sehemu kubwa njia ni pana na ngumu, magurudumu ya kigari yanapita, ila ni njia ya pamoja na baiskeli, na baiskeli huja kwa nyuma bila kelele. Tembeeni wawili wawili, si watano sambamba mkaziba njia.

Hesabu ya muda usiifanye kwa mwendo wa mtu mzima. Mkiwa na mtoto wa miaka 3 na mama mgeni wa baridi, wekeni kilomita 2 kwa saa, vituo vikiwa humo humo. Hiyo ni saa mbili na nusu hadi tatu. Mwishoni mwa Desemba huku jua linatoka kama saa 2 na dakika 20 asubuhi na linazama kama saa 10 kasorobo alasiri. Fikeni Saltaire saa 4 asubuhi, mtakuwa Bingley kabla ya saa 8, na mwanga wa akiba utabaki. Mkifika Saltaire saa 6 mchana, dakika moja ya kumfunga mtoto viatu inaanza kuwauma.

Jambo moja la kukaa nalo: watu wengi hupanga matembezi ya baridi kwa kilomita, wakati baridi yenyewe huwapata wakisimama. Pangeni vituo kwanza. Hakuna kusimama zaidi ya dakika 10 mahali pa wazi, na kila kituo kiwe nyuma ya ukuta, mti mnene au ukingo wa daraja upande usio na upepo.

Kibo_BD
Mkuu Mpita_Aire, hoja ya goti nimeielewa, lakini fikiria na upande wa watoto. Kwenye joto, vyoo na pa kukaa kwa nafasi ni Saltaire. Ukimalizia huko, mtoto aliyelowa anaingia ndani moja kwa moja. Kusukuma kigari kupanda loki tano huku mikono imekufa ganzi si kazi ndogo.

Mpita_Aire
Ndiyo maana hawana haja ya kuzipanda. Mandhari yenyewe inaonekana kutoka chini, pale unapoinua macho ukaona milango mikubwa myeusi ya mbao, mmoja juu ya mwingine, na maji yanayovuja kwenye maungio yakimetameta. Ukiwa juu unaona bonde tu. Loki tatu ziko jirani na katikati ya mji wa Bingley na kituo cha treni. Kutoka hapo mpaka chini ya loki tano ni mwendo wa dakika 10 hivi, tambarare. Mzazi mmoja ampandishe wa miaka 8 mpaka juu, mwingine arudi mjini na mama na kigari wakanywe kitu cha moto. Mama akitaka sana kufika juu, barabara inafika. Teksi kutoka mjini ni safari fupi, na kuna mkahawa pale juu. Ulizeni kwanza kama siku hiyo uko wazi.

Fundi_Boti
Nijibu suala la maji, maana hapo ndipo pa kuzingatia kuliko pote.

Mfereji si mto. Maji yamesimama na pembeni kina ni kama mita moja tu, kwa hiyo wazazi huuona mpole. Hatari yake iko mahali pengine. Ukingo umejengwa wima, kwa mawe au vyuma, hakuna mteremko wa kujivuta. Chini ni tope linalonasa kiatu. Na Desemba maji yako nyuzi chache tu juu ya kuganda. Mwili ukiingia ghafla kwenye maji ya hivyo, kifua hubana na mtu huvuta pumzi kwa nguvu bila kutaka. Akivuta kichwa kikiwa chini ya maji, amekunywa. Mshtuko huo hupungua ndani ya dakika moja au mbili. Mfundisheni wa miaka 8 mkiwa nyumbani, mara kadhaa: ukianguka, lala chali, masikio ndani ya maji, uso juu, sukuma mikono taratibu, usipige mbio kuogelea. Pumzi ikirudi ndipo uite.

Utaratibu wa njiani: mtoto upande wa ukuta au nyasi, mtu mzima upande wa maji, muda wote, bila kubadilishana kwa mazungumzo ya "hebu nishikie". Kwenye loki, mkono kwa mkono. Chumba cha loki ni shimo lenye kuta laini zilizoota ukoga wa kijani. Maji yakiwa chini, kutoka ukingoni mpaka kwenye maji ni mita kadhaa. Juu ya milango kuna ubao mwembamba wa kuvukia. Huo ni wa watu wa boti. Wakati wa baridi huwa na utando wa barafu, na mara nyingi reli iko upande mmoja tu. Msivuke na watoto hata mkiona wengine wanavuka. Pembeni ya loki za ngazi kuna mifereji midogo inayopitisha maji ya ziada, na hayo sasa yanakwenda kasi. Mtoto huviona ni vijito vya kuchezea.

Kigari: mkisimama, kiwekeni sambamba na maji, kamwe pua isielekee majini, na breki zote mbili. Njia kwenye loki ina mwinamo, na karibu na ukingo mara nyingi mawe yameinama kidogo kuelekea majini. Fungeni kamba ya mkononi kwenye kishikio. Mahali boti zimeegeshwa, tazameni chini: vigingi vya chuma na kamba huwa sentimita chache tu kutoka njiani, na theluji nyembamba ikianguka havionekani.

Barafu juu ya maji isikanyagwe hata na kuku. Boti moja ikipita asubuhi imeivunja, usiku imeganda tena vipande kwa vipande, unene haulingani hatua mbili. Na msiwaruhusu watoto kurusha mawe kwenye barafu, si kwa sababu ya barafu bali kwa sababu kila anayerusha huisogelea kuona imepasuka wapi.

BintiTongoni
Asante sana Fundi_Boti. Na akianguka kweli, sisi wa juu tufanye nini? Mume wangu anaogelea vizuri sana, amekulia baharini.

Fundi_Boti
Asiingie. Kuogelea kwa bahari ya nyuzi 27 hakumwandai mtu kwa maji ya nyuzi 4. Misuli ya mikono huisha nguvu ndani ya dakika chache hata kwa bingwa. Mtu mmoja alale kifudifudi ukingoni, anyooshe skafu, mkongojo au tawi. Kukiwa na boya la kuokolea karibu, litumieni. Mwingine apige 999 aombe zimamoto, maana kwenye mito na mifereji ya huku wao ndio wenye kamba na boti. Gari la wagonjwa litakuja pamoja nao. Eneo mtalitaja kwa namba ya daraja. Madaraja ya mfereji yana vibao vyenye namba, kwa hiyo kila mkipita daraja, wa miaka 8 aisome kwa sauti. Ni mchezo kwake, na nyinyi mtajua mko wapi.

Akishatoka: nguo zote mvua zitoke palepale, akaushwe kwa kugusishwa taulo bila kusuguliwa, nguo kavu, kofia, blanketi, kisha ndani haraka. Kinywaji cha uvuguvugu kama yuko macho na anameza vizuri. Hata akichangamka, aonwe na wahudumu wa afya, hasa kama alimeza au kuvuta maji.

Nesi_wa_Zamu
Shikamoo mama, karibu Yorkshire. Binti, nguo nitazieleza mtu kwa mtu, kwa sababu hawapati baridi sawa.

Mama. Tatizo la wageni wa pwani ni kuvaa koti zito juu ya nguo za pamba. Pamba ikipata jasho haikauki, na jasho lililopoa mgongoni ndilo linalomtetemesha mtu akisimama. Nguo ya kugusa ngozi iwe ya sufu nyembamba au kitambaa cha michezo, juu na chini. Juu yake flisi au sweta, kisha koti lisilopitisha maji linalofika chini ya nyonga. Kama anavaa dera au baibui, hilo likae kati ya flisi na koti, na pindo alikunje na kulibana kwa pini juu kidogo ya kifundo cha mguu. Pindo likigusa njia litanyonya tope, litakuwa zito na kumpiga miguuni mpaka Bingley, na ni rahisi kulikanyaga akipanda. Ndani ya ushungi avae kofia ya sufu inayobana masikio. Skafu aipitishe mdomoni ili hewa anayovuta ipate joto kidogo.

Viatu ni buti yenye soli iliyochongoka, namba moja zaidi ili soksi nene iingie na vidole vicheze. Soksi mbili zilizobana ni baridi kuliko moja nene iliyolegea, kwa sababu damu haifiki vidoleni. Kwa barafu kuna makucha ya mpira yenye vichuma yanayovalishwa juu ya kiatu. Mnunulieni, bei si kubwa, na avue akiingia dukani au kwenye treni maana juu ya vigae huteleza. Mkongojo uwe na kofia ya mpira nzima, isiyolika. Kama ana dawa za shinikizo la damu asiruke dozi ya asubuhi. Baridi hukaza mishipa na presha hupanda.

Wa miaka 3. Huyu ndiye wa kumwangalia zaidi, na sababu ni kigari. Nyinyi mnatembea mnazalisha joto, yeye amekaa. Ongezeni tabaka moja juu ya mnalovaa nyinyi, mfuko wa miguu wa kigari, na kitu cha kukinga upepo kwa chini, kwa sababu kitambaa cha kiti ni chembamba na upepo unapita mgongoni. Blanketi lililokunjwa chini ya makalio lina kazi kubwa kuliko lililo juu ya mapaja. Mkifunga kifuniko cha mvua, acheni hewa ipite na msikifunge mkiwa ndani ya treni. Msimpime kwa vidole, vidole vya mtoto hupoa mapema. Ingizeni mkono wenu uliopashwa nyuma ya shingo: pakiwa pa vuguvugu na pakavu yuko salama, pakiwa na jasho punguzeni, pakiwa pa baridi simamisheni safari. Kila nusu saa ashuke atembee dakika 10, mkono umeshikwa. Glavu ziwe za mfuko, vidole vinne vikae pamoja, na zifungwe kwa kamba inayopita ndani ya mikono ya koti.

Gambuti ni nzuri kwa tope lakini mpira hauna joto hata chembe. Mkizitumia, soksi iwe ya sufu, na jozi mbili za akiba ndani ya mfuko wa nailoni.

Wa miaka 8. Hewa baridi na kavu ni kichocheo cha pumu, na kukimbia kunaongeza. Skafu mdomoni, apumue kwa pua. Fuateni mpango wake wa pumu, na kama daktari amesema apulize kabla ya mazoezi, apulize kabla ya kutoka treni. Inhela msiiweke kwenye mfuko wa nje wa begi. Bomba likipoa sana shinikizo la gesi hushuka na dawa hutoka pungufu. Likae mfuko wa ndani wa koti la mtu mzima, na speisa (kile kichupa cha plastiki cha kuvutia dawa) ikae kwenye begi. Akianza kukohoa kikohozi kikavu cha mfululizo, mpumzisheni, msingoje mpaka aseme amebanwa.

Simu pia zikae ndani. Betri kwenye baridi huonyesha asilimia 30 kisha inazima ghafla.

MapishiYaPwani
Chakula sasa. Chupa ya chai ijazwe maji yanayochemka kwanza, ikae imefungwa dakika 5 hadi 10, mwageni, ndipo mweke chai. Ukimimina chai kwenye chupa baridi, kuta zake za ndani zinakunywa joto lote. Lita moja ya chai ya tangawizi inatosha watu wazima watatu vikombe viwili viwili vidogo. Ya watoto iwe chupa tofauti, uji mwepesi au maziwa, na uwe wa kunywika pale pale. Mtoto mwenye glavu akipewa kikombe cha moto ataangusha au ataungua.

Pilau ni wazo zuri kama mna hotpoti au chupa ya chakula yenye mdomo mpana, lakini kuna sharti. Wali uliopoa polepole huzalisha vijidudu vya sumu, na kuupasha tena hakuondoi sumu hiyo. Kwa hiyo pilau liive asubuhi hiyo hiyo, liingie kwenye chupa iliyopashwa likiwa linafuka, lijae mpaka juu pasibaki hewa, na liliwe mchana huo huo. Kanuni ya jikoni huku ni chakula cha moto kisishuke chini ya nyuzi 63. Kiporo cha jana kiacheni nyumbani.

Rahisi zaidi ni chapati: weka mayai au kima mkavu, zungusha, funga kwa foili kisha kitambaa, kata vipande viwili. Inaliwa kwa mkono mmoja bila kuvua glavu ya pili. Maandazi hukauka na kuwa magumu kwenye baridi, yafungwe mfuko usiopitisha hewa. Tende nne tano kwa kila mtu mfukoni, si ndani ya begi. Mtoto anayenuna njiani mara nyingi ni njaa.

Mikono ioshwe au ipakwe jeli kabla ya kula, na waliogusa maji ya mfereji wanawe kwa maji na sabuni, maana mkojo wa panya huingia humo na huleta homa kali ya lepto. Kidonda chochote cha mkono kifungwe plasta isiyopitisha maji kabla ya kutoka.

Na bata: msiwape mkate ulioota ukungu, na hata ule mzima usiwe mwingi, unawashibisha bila kuwalisha. Njegere za friza zilizoyeyuka au shayiri kavu kidogo, konzi moja ya mtoto, na mrushie majini mkiwa mmesimama nyuma. Ndege aliyekufa asiguswe kabisa, mafua ya ndege bado yapo.

Sheha_Mstaafu
Kuhusu swala ya mama. Kipindi hicho adhuhuri huku inaingia mara tu baada ya saa 6 mchana, alasiri kabla ya saa 8, na magharibi karibu saa 10 kasorobo. Dirisha la adhuhuri halifiki saa mbili, na hapo ndipo mtakuwa katikati ya njia. Chukueni ratiba ya msikiti wenu wa Leeds muende nayo.

Atawadhe nyumbani kisha avae khuffu (soksi za ngozi) juu ya wudhu huo, chini ya buti. Mkazi ana ruhusa ya kupangusa juu yake mchana na usiku mmoja, hivyo hatalazimika kuanika miguu kwenye baridi. Akihitaji kutawadha njiani, nusu lita ya maji ya vuguvugu kwenye chupa ndogo inatosha kwa uso na mikono. Taulo dogo liwe tayari, ngozi iliyolowa isiachwe ikaushwe na upepo. Mswala wa kawaida utanyonya unyevu, bebeni karatasi la nailoni la kutandika chini yake. Mahali pazuri ni sehemu iliyo wazi kidogo kando ya njia, mbali na ukingo na baiskeli. Kwa goti lile, kiti cha kukunja chepesi kitamfaa kwa swala na kwa kupumzika.

BintiTongoni
Mwenyezi Mungu awalipe. Mama amesoma, anawasalimu, na ameuliza swali moja: tutajuaje kwamba siku hiyo haifai? Na akichoka katikati tutatokaje?

Mpita_Aire
Marahaba kwa salamu zake, mwambie shikamoo.

Siku isiyofaa inajulikana usiku wa kuamkia. Angalieni utabiri wa Met Office. Kukiwa na onyo la barafu au upepo mkali, ahirisheni. Upande wa Hirst Wood mnapita chini ya miti mikubwa. Ya kuogopa zaidi ni mvua ya jana iliyofuatwa na usiku wa anga safi, kwa sababu yale maji yaliyobaki njiani huganda yakawa barafu angavu ambayo jicho haliioni. Hiyo hudumu zaidi chini ya madaraja na upande wa kaskazini wa kuta, kwa kuwa jua la Desemba liko chini mno na halifiki. Kabla ya kuingia chini ya daraja, mmoja atangulie agonge kisigino chini. Siku nzuri ni ya mawingu, nyuzi 4 mpaka 7, baada ya siku mbili kavu. Jua kali na anga la bluu hupendeza kwenye picha tu.

Angalieni na onyo la mafuriko ya mto Aire, ambao unakwenda sambamba na mfereji. Tarehe 26 Desemba 2015 ulifurika vibaya bonde zima. Njia ya mfereji iko juu zaidi, lakini viwanja vya Roberts Park na njia za kutokea upande wa mto hulowa mapema. Pia Canal & River Trust, wanaosimamia mfereji, hufanya matengenezo ya loki kati ya Novemba na Machi, na wakati mwingine hufunga njia au kuielekeza pengine. Tangazo liko kwenye tovuti yao. Mkikuta loki imekaushwa kwa matengenezo simameni mtazame kidogo, kuta za ndani na milango huonekana zima, nafasi ambayo kiangazi haipo.

Treni: tarehe 25 Desemba hazipo, na tarehe 26 karibu zote hazipo. Kipindi hicho ratiba hubadilika kwa ukarabati wa reli, kwa hiyo kateni tiketi baada ya kuangalia ratiba ya siku yenyewe. Wa miaka 3 hasafiri kwa nauli. Mkinunua kadi ya familia ya reli, watu wazima wanapunguziwa theluthi moja na wa miaka 8 asilimia 60. Angalieni pia kama kituo kina njia isiyo na ngazi upande mnaoshukia.

Kibo_BD
Nyongeza kwa ajili ya wa miaka 8. Pembeni kuna nguzo za chuma za maili, uso mmoja unaonyesha umbali wa Leeds na mwingine wa Liverpool. Ajumlishe namba mbili za nguzo moja. Kila nguzo itampa karibu maili 127, urefu wa mfereji mzima, ambao ulikamilika mwaka 1816. Loki tano zenyewe ni za mwaka 1774, na lango la juu la chumba kimoja ndilo lango la chini la kinachofuata. Amwelezee bibi yake kwa nini boti haiwezi kuruka chumba. Na kabla ya Dowley Gap mtavuka daraja la maji lenye matao saba. Mfereji unapita juu, mto Aire unapita chini, na njia iko pembeni ya maji juu ya daraja. Hapo mkono ushikwe pande zote mbili.

Mpita_Aire
Njia za kutokea ni hizi. Hirst Wood, kama robo ya safari: kuna barabara, au mnageuka tu mrudi Saltaire kwa njia tambarare. Dowley Gap, nusu ya safari na zaidi kidogo: kuna baa kando ya mfereji na barabara inayofika hapo, mnaweza kuita teksi. Kutoka Dowley Gap mbele, kutokea kulio karibu ni Bingley yenyewe.

Kwa hiyo uamuzi ufanyike Dowley Gap, na uwe na saa. Mkifika pale kabla ya saa 6 na nusu na shingo ya mtoto ina joto, na mama anaongea kawaida, endeleeni. Mama akianza kukaa kimya, akatetemeka huku anatembea au akashindwa kufungua kifungo cha koti kwa vidole vyake, msijadiliane naye kama anaweza kumalizia. Iteni teksi, mmoja abaki naye nyuma ya ukuta akiwa amekaa juu ya kile kiti cha kukunja, si juu ya jiwe, kikombe cha chai mkononi. Namba mbili za teksi za Bingley ziandikwe kwenye karatasi, zisiwe kwenye simu peke yake.

BintiTongoni
Nimeandika zote. Makucha ya kiatu na karatasi la nailoni nanunua kesho, glavu za mfuko zipo. Tunaanzia Saltaire.